Masanduku Themanini na Manne

Waraka umeshuka kutoka ghorofa ya juu:
tusiseme tena "hatari", tuseme "uwezekano".
Nimeubandika kando ya mashine,
pale jicho linapoangukia ninapopangusa jeli.
Miaka thelathini na mmoja ulimi umepita njia moja,
hauhami kwa waraka.

Jumanne. Randers. Mvua ya ubavu.
Sidsel amelala kitandani, soksi zake hazifanani.
Mtoto, wiki ya kumi na mbili, ametupa kisogo
kana kwamba anajua ndicho tunachokitafuta.
Nangoja ageuke.
Anageuka. Napima ule uzi mweusi wa maji nyuma ya shingo:
milimita tatu na nukta moja.
Kompyuta inachanganya: uzi, damu, umri wa mama,
inatema moja kwa themanini na nne.

Nikaanza "Hata—", nikaimeza.
"Uwezekano," nikasema.

"Asilimia themanini na nne?"
La. Mmoja, katika themanini na wanne.
"Basi ni kidogo."
Kwa wengine, kidogo.
"Basi ni kikubwa."
Kimevuka mstari wetu. Kwenye skrini kina rangi nyekundu.
Mstari tuliuchora sisi, ila hilo sikulisema.

Malthe, mumewe, ni mtu wa posta. Alikuwa kimya,
koti limelowa, linadondosha maji sakafuni.
"Themanini na manne," akasema, "ni masanduku yangu ya Alhamisi,
kutoka kanisani hadi kituo cha mafuta.
Sijapata kuyamaliza
bila barua ya mtu mmoja
iliyomkalisha chini palepale mlangoni."

Nikawaeleza kipimo kipya: tutachota damu mkononi mwa mama,
humo vinaelea vipande vya kondo, vidogo mno,
tutavihesabu, ni kama kutafuta mchele wa jirani
ndani ya gunia la mchele wako.
Kikisema hapana, mara nyingi mno ni hapana.
Kikisema ndiyo, bado si hukumu,
tunaita sindano ije itoe ushahidi.
Wakaitikia kwa kichwa.
Watu huitikia kwa kichwa.
Kisha Sidsel akauliza kitu ambacho hakimo kwenye kijitabu:
"Ataweza kuendesha baiskeli?"

Saa nne, Asger na toroli lake la vikombe.
Hagongi mlango, nimemkanya hadi nimechoka.
Alizaliwa hospitali hiihii, jengo lililobomolewa,
enzi ambazo mstari ulikuwa umri tu:
miaka thelathini na mitano, sindano.
Mama yake alikuwa na thelathini na minne na miezi kumi na mmoja.
Husimulia hilo akicheka, yule mama,
halafu anaacha kucheka.

Asger akaweka vikombe viwili, akaitazama skrini.
"Huyo ana pua," akasema.
Hakujua kwamba pua nayo tunaipima.
Sidsel alimtazama kwa muda mrefu,
uso, vidole vifupi, kitambulisho kifuani,
jinsi mtu anavyosoma barua ambayo si yake.
"Sukari iko wapi?" akauliza Malthe.
"Imekwisha tangu Ijumaa. Nilishawaambia wa jikoni.
Hawasikii."

Walichukua kijitabu, wakasahau mwavuli.
Mimi ni mtu wa wiki ya kumi na mbili.
Ukurasa wa pili husomwa chumba kingine,
na wa tatu nyumbani, usiku, taa imezimwa.
Alhamisi nilimwaza posta akifika kituo cha mafuta
na mkoba mtupu,
na nikawaza wale themanini na watatu:
hakuna anayewaandikia
kuwaambia kwamba hawana barua.

Mwavuli bado uko nyuma ya mlango.
Kila asubuhi Asger huuliza ni wa nani.
"Wa wale wa soksi," namwambia.
"Watarudi?"
"Uwezekano upo."
Ulimi, naona, umeanza kuzoea.
"Hilo si jibu," husema Asger,
na kusukuma toroli.